Mkia wa msafara na jaketi lisilomkaa

Saa mbili asubuhi. Jua limeshapanda juu ya ukuta wa ua, na mwanamume mnene amekaa juu ya pikipiki isiyokwenda popote. Amevaa helmeti, glavu, jaketi, suruali nene na buti. Kando yake amesimama mwanamke mwembamba wa makamo, ameshika kopo la kumwagilia maua.

"Nyoosha mikono, shika usukani," mwanamke anamwambia. "Tuko mlimani sasa. Mvua imetukuta."

"Na jua lote hili?"

"Hilo ni la mjini. Inama kidogo. Usifumbe macho, dereva hafumbi macho."

Anamwaga. Anaanzia mabegani, anashuka mgongoni, anarudi kwenye ukosi, kisha anakawia mapajani, pale maji yanapopenda kutuama mtu akiwa amekaa. Mwanamume ametulia kama mtoto anayenyolewa. Ghafla anaruka.

"Yameingia!"

"Wapi?"

"Pale... pale chini ya zipu."

"Taja tu, kaka, hapa hakuna mgeni. Afadhali yakuingie hapa, taulo liko karibu."

Mwanamume huyo ni mwoka mikate. Kwa miaka mingi alikuwa akiota safari ndefu ya pikipiki, na sasa kamwachia mdogo wake tanuri ili aende. Suruali anayo tangu ujanani.

"Uliinunua kabla ya mikate au baada ya mikate?" mwanamke anamuuliza.

"Kabla."

"Ndiyo maana zipu inalia. Nenda dukani, rudi kabla ya jioni. Ukija na hiyohiyo, nakurudisha kwenye unga."

Zoezi hilo watu wa kampuni hii ya safari za pikipiki wanaliita kuogeshwa. Msafara wao hutoka kwenye nyanda za joto, hupanda milima yenye baridi na ukungu, kisha hushukia upande wa pili kwenye vumbi kavu. Siku moja ya njiani ina majira yote, na mtu ana nguo zile alizovaa tu. Kwa hiyo hakuna anayeondoka bila kuogeshwa, na anayeogesha ni mwanamke huyu ambaye wote, wakubwa kwa wadogo, wanamwita Mkia.

Jina limetokana na kazi. Kiongozi hutangulia mbele, wateja hufuata, na nyuma ya wote, mbali kiasi, yuko yeye. Anaokota aliyeanguka, anamsubiri aliyepatwa na pancha, anachukua glavu iliyodondoka. Akimaliza, anabaki peke yake tena na ule mstari wa vumbi mbele yake.

"Kutwa nzima sisemi na mtu," anasema. "Ndani ya helmeti unazoea. Unajiuliza, unajijibu, unajikatalia."

Kesho kutwa msafara unaondoka. Wateja wengine wote wameshaogeshwa wakapita. Ukimtoa mwoka mikate na suruali yake, amebaki mmoja tu. Naye ni Mkia mwenyewe, na ameshaambiwa kwamba asipopita, haendi.

Ukimuuliza namna ya kuchagua nguo za safari kama hizo, Mkia haanzi na bei wala jina la mtengenezaji. Anaanza na kiti.

"Watu wanajipima mbele ya kioo, wamesimama, wamevuta tumbo," anasema. "Sasa nani anaendesha pikipiki huku mikono inaning'inia kama nguo kwenye kamba? Kaa. Nyoosha mikono. Utaona mikono ya jaketi inakimbilia kwenye viwiko, mgongo unapanda, kiuno kinabaki nje kinasalimia baridi."

Ndani, anasema, usivae fulana ya pamba. Jasho la bondeni likiilowesha, ukifika juu inageuka barafu kifuani. Vaa nyepesi inayokauka upesi, halafu ya joto, halafu ya nje inayozuia upepo na maji. Mkono wa jaketi uje juu ya glavu na suruali ije juu ya buti, la sivyo unajiwekea mfereji wa kupeleka maji vidoleni. Rangi nyeusi hana ugomvi nayo, mradi iishie kwenye picha tu.

"Kwenye ukungu, dereva wa lori hakuoni kwa kupendeza kwako," anasema.

Kisha linakuja jaribio la mwisho. Anakishika kiwiko cha mteja, mahali penye kikinga kigumu kilichoshonewa ndani, na kukisokota kama anayefungua kopo. Kikinga kikihama hata kidogo, jaketi linarudi dukani. Jaketi pana, anasema, siku ya kuanguka linazunguka peke yake na kukuacha.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, tangu afiwe na mumewe, amekuwa akivaa jaketi ambalo kama lingekuwa la mteja, asingelipitisha hata kwa mlango wa nyuma.

Jaketi hilo lilikuwa la mume. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa mbele, na mkewe akawa mkia. Watu waliwatania kwamba ndoa yao imedumu kwa sababu kati yao kuna pikipiki kumi na mbili. Haikuwa barabara iliyomchukua. Figo zilimwangusha akiwa kitandani, mtu ambaye matope na makorongo hayakumweza. Mdogo wake akashika uongozi wa mbele. Mjane akarudi nyuma, mahali pake, akiwa ndani ya jaketi la marehemu.

Alijua halimkai. Alilipeleka kwa fundi cherehani anayeshona mahema na viti vya magari. Fundi aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Mama, hii mishono imezibwa kwa ndani," alimwambia. "Nikifumua, hiki kizibo kinakufa. Nitakupunguzia upana, nitakuongezea mvua."

"Basi liache."

"Si ununue lingine? Hili ni la bwana mkubwa."

"Nimesema liache, baba."

Akaondoka nalo vilevile. Akawa anajifunga mkanda kiunoni na kukunja mikono mara moja. Kwenye mvua halikumwangusha hata siku moja, na hilo ndilo lililompa kiburi.

Safari yake ya mwisho kabla ya hii, kwenye mteremko upande wa pili wa mlima, gurudumu la mbele liliteleza kwenye kona ya matope. Wenzake walikuwa wameshapotea kwenye ukungu. Jaketi lilijizungusha, kikinga kikashukia karibu na kiganja, na kiwiko kitupu kikaenda kupiga jiwe.

Hakupiga kelele. Apige kelele ampigie nani?

"Wote wanaoanguka, mimi nawakuta," anasema. "Mimi nikianguka, nyuma yangu hakuna mtu. Mkia hauna mkia."

Simu haikuwa na mtandao. Alijikokota hadi ukingoni, akaegemea pikipiki iliyolala, akasikiliza mvua ikigonga helmeti. Leo anasimulia huku akicheka kidogo. "Maji hayakuingia hata tone. Nimekaa pale, mkono umevunjika, mkavu kama biskuti."

Chini, kwenye kituo cha mapumziko, mpishi alikuwa ameshamimina chai. Kila mtu alichukua kikombe chake, wakakaa wanakausha glavu. Kikombe kimoja kikabaki kwenye sinia.

"Nani huyu hanywi?" kiongozi aliuliza kwa mzaha. Yeye mwenyewe alipotambua ni cha nani, aliivaa helmeti bila kufunga mkanda.

Alipomfikia hakumlaumu. Alikiangalia tu kile kikinga kilichokuwa kimekaa karibu na kiganja kama saa ya mkononi. Alisubiri mfupa uunge, mazoezi yaishe, mkono urudi kushika klachi. Ndipo wiki hii akaja nyumbani kwake, akakaa mlangoni.

"Shemeji, nikuulize. Ningekuwa mteja, nimekuja na jaketi hili, ungenipitisha?"

"Nisingekupitisha."

"Basi."

"Ni la kaka yako."

"Najua ni la nani, nilikuwepo akilinunua. Lilikuwa kubwa hata kwake. Alisema atanenepa."

Mkia anasema alicheka sana, kicheko kikamgeukia katikati, akalazimika kuingia ndani kutafuta sukari ambayo hakuihitaji.

Chumba chake kiko mwisho wa ua wa kampuni. Kitanda, jiko dogo, meza, ndoano ya helmeti ukutani. Anakula amesimama. "Nikikaa mezani namaliza mapema mno," anaeleza. "Halafu unabaki unaiangalia meza."

Mchana, mwoka mikate akiwa bado hajarudi, Mkia anatembea kwa miguu hadi duka la nguo za pikipiki. Muuzaji, jamaa wa maneno mengi, anamjua vizuri. Wateja anaowafukuza uani huishia hapa.

"Karibu, mama wa mvua! Leo umeniletea nani?"

"Nimejileta."

Muuzaji anampima kwa macho, mabega hadi kiuno. Kisha anakimbilia kona ya nguo za kike na kurudi na jaketi la rangi ya waridi lenye maua mabegani.

"Hili wanalipenda sana."

"Nikianguka nataka wanione, sitaki wanipeleke harusini."

Analeta jingine, zuri kwa macho, lakini bitana la kuzuia maji liko ndani ya kitambaa cha nje. Mkia analirudisha kabla hata ya kulivaa. Kitambaa cha nje kikinywa maji, anasema, unakuwa mkavu lakini umebeba ndoo, na upepo wa mlimani unaigandisha hiyo ndoo. La tatu linambana kwapa. La nne mifuko yake haiingii hata funguo.

"Wanafikiri wanawake hatuna funguo?"

"Mama, mimi nauza tu, sikushona."

La tano ni la kijivu, mabega ya njano. Mkia analivaa, anafunga zipu hadi kidevuni, anakwenda kwenye pikipiki chakavu isiyo na magurudumu ambayo muuzaji ameiweka katikati ya duka, kwa ushauri wake yeye mwenyewe. Anakaa. Ananyoosha mikono. Mgongo haupandi. Mikono ya jaketi inabaki pale inapotakiwa. Anakishika kiwiko chake kilichowahi kuvunjika, anakisokota kwa nguvu, mara moja, mara ya pili. Kikinga hakitoki mahali pake.

Anabaki hapohapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kupima nguo.

"Vipi, linabana?" muuzaji anauliza.

"Hapana. Limenishika." Anatazama mikono yake juu ya usukani. "Ni muda sijashikwa."

Muuzaji anajifanya kutafuta kitu chini ya kaunta. Bei ya jaketi ni ujira wa safari tatu. Mkia hapatani bei wala halalamiki, jambo linalomtia muuzaji wasiwasi hata anampunguzia bila kuombwa.

Jioni, kabla giza halijaingia, ni zamu yake. Mwoka mikate amerudi, suruali mpya imemkaa vizuri, na sasa amesimama kando na taulo begani kama kocha wa ndondi. Mkia anakaa juu ya pikipiki isiyokwenda popote. Kopo analo shemeji.

"Nyoosha mikono," shemeji anasema.

"Najua."

"Mteja haongei. Tuko mlimani."

Anamwaga mabegani, mgongoni, kwenye ukosi. Anakawia mapajani kama alivyomwona yeye akifanya. Maji yanateleza, yanadondoka kwenye sakafu, yanatafuta mfereji. Kopo linaisha. Analijaza tena bombani na kuanza upya, kana kwamba mara ya kwanza hakuona.

"Unataka niote mizizi?" Mkia anauliza ndani ya helmeti.

"Nahakikisha."

Kisha anaweka kopo chini, anakishika kiwiko cha shemeji yake kwa mikono miwili na kusokota. Kikinga kimetulia. Anajaribu mara nyingine, taratibu zaidi, halafu anaachia.

"Umepita, shemeji."

"Hongera, mama!" mwoka mikate anasema na kumrushia taulo, ingawa ndani hakuna kilicholowa.

Kiongozi haondoki mara moja. Anamwambia kwamba kuanzia safari hii, kwenye kila mteremko atasimamisha msafara na hatawasha injini mpaka aione taa yake. Mkia anamjibu kwamba wateja watalalamika kuchelewa. "Wacha walalamike," kiongozi anasema. "Mimi sitakunywa chai tena bila kuhesabu vichwa."

Jaketi la marehemu liko nyuma ya mlango wa chumba chake. Hajaamua alipeleke wapi, na hapendi kuulizwa. "Limekaa tu," anasema. "Halili chakula."

Anachopenda kusema ni jambo jingine. Barabara ile ameipita miaka yote hiyo na hajawahi kuiona vizuri, maana mkia huona vumbi na taa za watu. Mumewe ndiye aliyekuwa mbele, kwenye njia safi, na kila jioni, wakishavua buti, alikuwa akimsimulia: pale kwenye daraja leo kulikuwa na ndege weupe, pale juu ukungu ulifunguka tukaona mabonde mawili kwa mpigo.

Msafara huu ukirudi salama, amemwomba shemeji siku chache. Anataka kupanda mlima peke yake, bila mteja, bila mtu wa kumfuata, mbele kukiwa kweupe. Anataka kusimama pale juu na kuyaona mabonde yote mawili.

"Tatizo ni jioni," anasema, akikung'uta maji yaliyobaki mabegani. "Nitakuwa nimeona, na sijui nitamsimulia nani."

Anavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Lakini kwanza niyaone."