Kuanzia Kulia

Maurice alikuja Doha kuendesha gari. Hakuna aliyemwambia habari ya baruti. Lakini hata mimi nilikuja kupika, na bado niliosha mazulia ya majlisi, chumba cha wageni, na kulea wajukuu, kwa hivyo sikushangaa.

Hii ilikuwa Al Wukair, mwaka wa 2016. Mwenye nyumba tulimwita Baba, mzee aliyestaafu na kupenda kuwinda. Sisi tumetoka Afrika kuja kumpikia, yeye anapanda ndege kwenda Afrika Kusini kuua swala. Bunduki yake ilikuwa na pete ya chuma chini ya kifyatuo. Unaivuta chini, unairudisha, risasi imeingia. Ilikula risasi zile zile za bastola kubwa, na Baba hakutaka za dukani, eti ni baridi, hazina nguvu. Alizijaza mwenyewe kwenye stoo ya uani.

Maurice aliosha maganda yaliyokwisha kupigwa, akayapanga wima kwenye kibao chenye matundu, midomo juu. Basi. Baba ndiye aliyetia baruti, ganda moja moja, kisha akafunga kila moja kwa kichwa cha risasi. Hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu.

Siku ya kuamkia safari, Baba alikuwa amejaza nusu ya kibao adhana ya alasiri iliposikika. Akaenda msikitini. Upepo ukaingiza vumbi dirishani, na Maurice, mtu asiyeweza kuona vumbi akatulia, akainua kibao, akapangusa meza, akakirudisha. Baba akarudi mbio, wageni wanamngoja, akamalizia nusu iliyobaki bila hata kuchungulia, akafunga zote, akazitia kisandukuni.

Jioni Maurice akaja jikoni. Chai yake ikapoa mbele yake.

"Mama Edith, mzee hujaza kuanzia kulia."

"Si ndivyo Waarabu wanavyoandika? Ulitaka aanzie wapi, kwenu Siaya?"

Hakucheka. Alichukua trei yangu ya mayai akaizungusha polepole, ya kulia ikaja kushoto. "Nafikiri nilikirudisha hivi."

Nikaketi. Kama ni hivyo, Baba alikuwa ametia baruti juu ya baruti upande mmoja, na upande wa pili hakutia chochote. Na sasa zote zimefungwa, zinang'aa sawasawa.

"Unafikiri, ama una hakika?"

"Sina hakika. Hiyo ndiyo inaniua."

"Na ikiwa mara mbili?"

"Bunduki inapasuka. Na uso unakuwa hapa." Akalaza shavu lake kwenye mwiko wangu.

"Mwambie, wewe! Akikufukuza, akufukuze akiwa na macho."

Asubuhi akamwambia, wakielekea uwanja wa ndege. Sasa, Kiarabu cha Maurice kilikuwa cha dereva: kulia, kushoto, moja kwa moja, simama hapa. Akasema, "Baba, yamin, yasar, ghalat." Kulia, kushoto, kosa.

"Sida!" Baba akajibu. "Uwanja wa ndege ni sida!" Moja kwa moja.

Maurice akajaribu tena, akaonyesha kwa mikono, usukani ukimponyoka. Baba akaelewa jambo moja tu, kwamba Maurice aligusa kibao. Alifoka hadi mlango wa wasafiri, kisha akashuka na kisanduku chake.

Mimi nilimwendea Mama, mkewe. Akaniambia mambo ya bunduki ni ya wanaume, niangalie wali usiungue.

Tukangoja. Maurice aliosha gari lililokuwa safi, akaliosha tena. Simu ya nyumbani ikilia, alifunga bomba asikilize.

Baba alirudi na macho yake, Mungu alisaidia. Lakini mkono wa kulia ulikuwa kwenye bendeji, na kidole cha shahada hakikuwepo. Maurice akapiga magoti, akamwomba kijana wa Baba, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni na Kiingereza chake, amtafsirie neno kwa neno: kibao, vumbi, jinsi kilivyozunguka. Baba alisikiliza hadi mwisho.

Kijana akatafsiri jibu: "Anasema baruti ilikuwa mbovu. Anasema usirudie hayo maneno mbele ya mtu. Yeye si mzee kipofu."

Hata kufukuzwa hakufukuzwa. Maurice akawa anamfunga Baba vifungo vya kanzu kila asubuhi.

Majira ya baridi yakaja, na bunduki mpya. Nilipeleka chai stoo nikakuta kibao mezani, maganda yamepangwa. Baba alikuwa akijaribu kushika kijiko cha baruti kwa vidole vilivyobaki, kikimponyoka. Akakiweka mkononi mwa Maurice.

"La, Baba. Mimi hapana."

"Wewe."

Akamshika kifundo cha mkono, akampeleka hadi tundu la kwanza. "Yamin," akasema. Kulia.

Maurice alinitazama. Nina mdomo, kila mtu wa nyumba ile anajua nina mdomo. Nikaweka sinia chini, nikamimina chai. Kijiko kikagonga mdomo wa ganda, na chembe nyeusi zikatapakaa kwenye meza aliyotoka kuipangusa.

"Shwei shwei," Baba akamwambia, kwa upole kabisa. Polepole.