Ndege Asiye na Miguu

Filister Akeyo alikuwa mchoraji wa vibao, na mwaka wa sabini na mbili ilikuwa vigumu kupata baa, kanisa au kinyozi pale Kisumu Ndogo, mtaani Kibera, ambaye kibao chake hakikupita mikononi mwake. Watu wa Kibera walizoea kuona mwanaume juu ya ngazi. Walipomwona mama wa watoto watatu huko juu, leso kiunoni na brashi ya pili ameibana kwa meno, walisimama kutazama. Yeye hakuwajali. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake mdogo, aliyekuwa akiandika namba kwenye mabehewa ya reli, na mzee huyo alimwachia onyo moja: usichore kitu usichokijua, mkono utababaika.

Onyo hilo ndilo lililomtia katika mambo ya Mzee Ephantus Muigai.

Muigai alikuwa mwenye ploti Kawangware, na vyumba vyake vya mabati vilijaa wapangaji. Jumatatu moja alifika Kisumu Ndogo kwa miguu, na kifurushi amekifunga ndani ya shati kuukuu. Alikifungua polepole kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na sinia la fedha, na katikati ya sinia ngao iliyochongwa kwa ustadi.

"Nataka hii kwa geti yangu," alisema. "Kubwa, mtu aione akiwa barabarani. Wazazi wa kijana anayemposa Muthoni wangu wanakuja mwisho wa mwezi. Wajue wanaingia kwa nani."

"Ni ya nani, mzee?"

"Ya bwana wangu wa Limuru. Nilimpikia miaka kumi na moja. Alipouza shamba akarudi kwao Ulaya, alinipa hii. Kwao ni watu wakubwa, ukoo wa malodi kabisa."

"Sawa. Na rangi?"

"Rangi gani tena?"

"Sinia yote ni rangi moja, mzee. Hii ngao ni nyekundu ama kijani?"

Muigai aliikunjia uso ile ngao kana kwamba imemficha jambo. "Weka rangi ya watu wakubwa," akasema, akaondoka.

Filister alibaki mlangoni na sinia, akiligeuzageuza juani. Chini kulikuwa na mkono uliokunja ngumi, juu yake alama kama paa la nyumba, na kileleni kabisa kindege kimoja kidogo. Pembeni mwa hayo kulikuwa na maneno yasiyo ya Kiingereza. Kisha akaona jambo. Sehemu nyingine za ngao zilijaa nukta, nyingine mistari iliyosimama, nyingine mistari iliyolala. Huyu fundi hakuwa anacheza, alijiambia. Mtu hachongi nukta mia tatu bila sababu.

Jumamosi alikwenda maktaba mjini. Mkutubi alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Nafuna, na kitu cha kwanza alichokitazama ni kucha za mgeni wake, zilizokuwa na rangi ya kijani.

"Nenda unawe kwanza, dada. Halafu tutaongea."

Filister alirudi ananuka sabuni na mafuta ya taa. Alipolifunua sinia, Nafuna alisahau ukali wake. Alizama katikati ya makabati, akarudi amekumbatia kitabu cha nembo za koo za Ulaya, kizito kama jiwe la kusagia. Kiingereza chake kilikuwa cha kale, na Filister alikuwa ameishia darasa la saba. Kwa hiyo walikisoma pamoja, vichwa vikigusana, Nafuna akinong'ona, Filister akinakili alama kwenye karatasi. Walipofika kwenye ukurasa wa rangi, Filister alipiga meza kwa kiganja hadi wasomaji wote wakageuka.

Nukta ni dhahabu. Mistari iliyosimama ni nyekundu. Iliyolala ni buluu.

Alijikuta anacheka peke yake. Mchongaji yule, aliyekufa huenda miaka mia iliyopita, alikuwa amemwandikia barua fundi mwenzake asiyemjua, na leo barua ilikuwa imefika.

Angeweza kuishia hapo. Rangi alikuwa nazo. Lakini sasa alitaka kujua yaliyobaki, na Jumamosi mbili zilizofuata alirudi, naye Nafuna alikuwa amekwisha kumwekea kiti. Alama ya paa, walisoma, ni kenchi ya nyumba, zile mbao zinazobeba mabati, na husemekana walipewa watu waliojenga au kulinda. Maneno yale yalikuwa Kilatini, nayo yalisema: Nikishika siachi. Kilichowasumbua ni kindege. Filister alikuwa amekichora mara nne, na kila mara aliona kina kasoro, hadi alipogundua kwamba hakina miguu.

"Fundi alisahau?" aliuliza.

Nafuna alifunua kurasa, akasoma, akainua nyusi. Hakusahau.

Jumanne Filister alivuka hadi Kawangware na mchoro wake. Alimkuta Muigai uani, na kando yake mama yake, Wakarima, akimenya nduma kwenye karai. Filister alieleza dhahabu, akaeleza kenchi, akaeleza ule mkono na maneno yake.

"Nikishika siachi?" Muigai alishangaa. "Lakini aliachia! Mimi ndiye nilimfungia masanduku."

"Na huyu ndege, mzee, ni alama ya mtoto wa nne. Shamba huchukuliwa na wa kwanza. Wa nne hurithi jina tu. Kitabu kinasema hana miguu kwa sababu hana ardhi ya kukanyaga. Lazima aruke akajitafutie mbele."

Muigai aliusogeza mchoro karibu. Kila Ijumaa, kwa miaka kumi na moja, alikuwa amemsugua ndege huyo kwa majivu na ndimu hadi ang'ae. "Yaani bwana wangu," alisema hatimaye, "kwao hakuwa na shamba?"

"Ndiyo maana akaja kukanyaga la wenyewe," alisema Wakarima, na kicheko kikamtoka hadi kisu kikadondoka kwenye karai. "Ephantus! Kipande cha kwanza, kile kitambulisho cha mkoloni, walikufunga shingoni kwa nguvu, ukalia. Hiki cha pili unataka kujifunga mwenyewe kwa geti?"

Uso wa Muigai ulikuwa umevimba kwa aibu. Alimtazama mama yake, akamtazama kindege, na kicheko kikamshinda naye pia. Alicheka hadi akajipangusa macho kwa kofia.

"Basi nichoree simba," alisema alipotulia.

"Simba ulimwona wapi?" mama yake aliuliza. "Hao ni wa serikali, wako kwa shilingi. Sisi tuna mambo yetu."

Filister alivuta kigoda karibu na bibi huyo. "Ni gani, cucu? Niambie, niandike."

Wakarima alianza na baba mkwe wake, aliyekuwa na mizinga hamsini ya nyuki: asali ndiyo ilileta mbuzi, na mbuzi ndio walileta shamba. Kisha akafika mwaka wa kupima mashamba, Muigai akiwa huko Limuru jikoni kwa watu. Kulikuwa na jirani aliyependa kusogeza vigingi. Kwa hiyo Wakarima alisimama mpakani na jembe lake kila siku tangu asubuhi, wiki tatu, mvua na jua, akila nduma alizopanda mtoni, hadi mpimaji akamaliza na kwenda zake.

Muigai alikuwa ameinama mbele ya mama yake. "Maitu, hii hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa ukizungumzia sinia."

Geti lilipakwa kwa siku nne. Uwanja wa ngao ulikuwa wa njano, juu mzinga, chini jembe lililosimama wima na jani la nduma kila upande. Kenchi nyekundu Filister aliiacha ibaki, maana kenchi si ya mtu mmoja, na Muigai alikuwa mjenzi wa nyumba kweli. Kuhusu maneno walibishana. Muigai alitaka Kiingereza. Mama yake alitaka kitu ambacho hata mpangaji aliyefika jana angeweza kusoma. Yakaandikwa: TUKO HAPA.

Siku ya wageni, baba wa kijana alisimama getini, akauliza jembe ni la nini. Lilikuwa kosa, kwa sababu Wakarima alimweleza tangu mzinga wa kwanza, chai ikapoa ndani, na Muthoni alichungulia dirishani mara tatu akidhani posa imevunjika. Mzee yule alipoingia hatimaye, alikuwa anamuuliza mkewe babu yao hasa alifuga nini.

Kabla mwaka haujaisha Filister alikuwa amepaka mageti sita Kawangware. Wenye mageti wote walianza kwa kuomba simba. Yeye alivuta kigoda, akaomba kuongea na mkubwa wa nyumba. Nafuna, mwenye udadisi kumshinda, alikuja naye siku nyingine na daftari lake.

Hata Benard Omolo, mwenye baa ya Kisumu Ndogo, alitaka nembo. Filister alimuuliza babu yake alifanya jambo gani kubwa. Omolo alifikiri sana, akakiri kwamba babu alikimbizwa na kiboko ziwani, akapona.

"Alikimbia mbio?"

"Nyar gi mama, dada yangu, mpaka leo kijijini wanapima mbio kwa jina lake."

Basi Filister alichora kiboko amepanua kinywa, na mbele yake mzee mwembamba, miguu yote miwili hewani. Omolo alikitazama kibao kwa muda, akapanda ngazi yeye mwenyewe, na kukipigilia misumari juu ya mlango.