Mlango Ulioshushwa Nusu

Wanaonisikia nikililaani duka la simu la pale kona hudhani niliuziwa simu mbovu. Acha nieleze taratibu, kwa sababu ambaye hakuwepo hawezi kujua tulinyang'anywa nini.

Kabla ya simu, hapo palikuwa na duka la mama mmoja wa Bukavu. Aliuza makayabu, wale samaki wa chumvi, unga wa muhogo na pondu, kisamvu chetu, iliyokwisha twangwa. Sisi Wakongo wa mtaa ule wa ugenini tulikuwa na desturi yetu: habari ya kifo ikifika kutoka nyumbani, mama alishusha mlango wa chuma hadi nusu. Maana yake, leo hapauzwi kitu, inama uingie ukae na mfiwa. Wengi wetu tuliishi wanne katika chumba kimoja, tumegawanywa na pazia. Msiba tungeuweka wapi? Mimi nilimlilia baba yangu mle dukani, nimeketi juu ya gunia, mwanamke nisiyemfahamu akinishika bega.

Siku aliyofiwa msusi wa saluni ya jirani, msimamizi wa jengo alikuja akagonga bati kwa funguo. Alikuwa Mtanzania, mtu wa lugha yetu.

"Mama, mkataba unasema saa za kazi mlango uwe wazi."

"Yaya, kaka yangu, iko kilio humu. Huyu dada amepoteza mama yake."

"Kila wiki kilio? Kwenu mnakufa kama kuku?"

Msusi aliyasikia yote. Nilitoka nje, nikamweleza yule bwana kwa upole, kama ninavyowaeleza wageni wa kazi kiwandani Mobeni jinsi ya kuwasha mashine. Nilimweleza habari ya vyumba, mapazia, na watu wasio na nauli ya kwenda kuzika. Aliitikia kwa kichwa kila nilipomaliza jambo.

"Sharp, kaka. Nimekuelewa."

Kisha akaupiga picha mlango, akampelekea mwenye jengo na kumwambia kwamba duka limefungwa na ndani kuna mikutano. Mwezi haukuisha, mama akaambiwa aondoke. Asingeelewa, ningemsamehe. Lakini alielewa kila neno, na ndiyo maana hadi leo akinisalimu simwitikii. Eish, na asinifundishe mtu kusamehe.

Mama sasa anauzia nyumbani kwake, mtaa wa Cato Manor. Unaagiza kwa simu, mfuko unaletwa na gari, dereva hata hazimi injini. Pondu ni ileile. Watu ndio siwaoni.

Majuzi msusi alifiwa tena, safari hii kaka yake. Niliisoma habari nikiwa ndani ya taksi, kwenye kundi la simu, chini yake safu ndefu ya vikatuni vinavyolia. Hakuna aliyesema tukutane wapi. Nilishuka nikaenda saluni. Alikuwa anasuka, macho yamevimba, na mteja wake analalamika: "Dada, taratibu basi, unanivuta nywele!"

Nikatafuta pa kukaa. Viti vyote vilikuwa vya wateja.