Mzigo wa Mwende

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikuyasikia kwa jirani. Nilikuwa kwenye usukani mimi mwenyewe, macho makavu, tumbo limeshiba, na jua lilikuwa bado juu. Nani alikudanganya kwamba mambo ya aina hii husubiri giza?

Nilikuwa dereva Riyadh, miaka ile mawakala wa Nairobi walipokuwa wakitupakia kwenye ndege kana kwamba kule kazi haziishi. Wenzangu wengi waliangukia malori na ulinzi wa maghala huko Al-Sulay. Mimi nilibahatika. Kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini, alikuwa na karavani, gari refu lenye nyumba ndani: vitanda, jiko, choo, friji. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuliendesha familia ikitaka kupiga kambi jangwani au kwenda Jeddah baharini.

Na vikorokoro vyake, we acha tu. Kulikuwa na birika linalochemsha chai kwa umeme wa gari, ndoo ya mpira inayokunjika ikawa nyembamba kama sahani, taa za kuvaa kichwani, kamera ya kutazama nyuma. Bosi akinunua kitu kipya nilifurahi kuliko wanawe. Lakini kipenzi changu kilikuwa kidude kimoja cha bei rahisi, pimamaji. Si ile ndefu ya fundi mwashi. Hii ilikuwa ya duara, ndogo kama kifuniko cha soda, ina maji ndani na kitone cha hewa kinachoelea, nami niliibandika karibu na usukani. Ukiegesha, unaweka kabari chini ya magurudumu mpaka kitone kikae katikati. Gari likilala upande, friji ya gesi haipoi vizuri, na ndani ya friji ile kulikuwa na dawa ya sukari ya mama yake bosi. Kwa hiyo sikufanya mchezo.

Nikakizoea kitone kile mpaka nikawa nakisoma. Mtu akitembea ndani, gari huinama kidogo upande wake, na kitone hukimbilia upande wa pili. Nikiwa nimekaa mbele bila kugeuka, nilijua nani ameamka na nani anaelekea chooni. Rehema alikuwa akinitania kwamba nimekioa.

Huyu Rehema alikuwa dada wa kazi katika nyumba ile, mtu wa Msambweni. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Mama yake bosi, ambaye sote tulimwita Mama Kabir, yaani mama mkubwa, aliogopa ndege, basi familia ilipotangulia Jeddah sisi tukaambiwa tumpeleke kwa karavani, mimi nikiendesha na Rehema akimhudumia. Jeddah ndiko Rehema angepanda ndege ya kurudi kwao. Alimwacha mtoto wa kike bado ananyonya, na sasa mtoto huyo alikuwa akibishana naye kwenye simu. Njia nzima hakukuwa na hadithi nyingine. Alikuwa amemnunulia viatu pale sokoni Batha, jozi ya saizi hii na jozi ya saizi ile, kwa kuwa hakujua mguu umefikia wapi.

Tulipopita kama nusu ya njia, upepo wa vumbi ukatukamata. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Barabara ikapotea mbele yangu. Niliona kituo cha petroli kilichofungwa zamani, pampu zimeng'olewa, nikaingia humo kungoja. Nikaweka kabari, kitone kikatulia katikati, Mama Kabir akajilaza kitandani nyuma, na Rehema akawasha birika.

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa mwanamke amevaa abaya, mwembamba, amekumbatia kifurushi cha plastiki nyeusi kilichozungushwa utepe wa gundi kote, kama sote tunavyofunga mizigo ya kupeleka nyumbani. Akatusalimu kwa Kiswahili. Unajua raha ya kusikia Kiswahili mahali kama pale? Rehema alimvuta ndani hata kabla hajamjua jina. Nami nikafurahi, sikufichi, nikageuza shingo nimkaribishe. Jicho langu likapita kwenye pimamaji.

Kitone hakikutikisika.

Nikadhani kimeganda. Nikakigonga kwa ukucha. Rehema akapiga hatua kwenda kuchukua vikombe, kitone kikakimbilia upande wa pili kama kawaida. Mgeni akapita hadi kiti cha mwisho, akaketi, na kitone kikabaki palepale. Niamini, jasho lilinitoka na kiyoyozi kinavuma.

Wao walikuwa wanaongea. Mgeni alisema anaitwa Mwende, kwao ni Kitui, alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba moja huku, mambo yakaharibika. Hakusema yaliharibikaje, wala hatukumwuliza, maana kule kila mtu ana lake. Rehema akamwambia tunaweza kumfikisha Jeddah, ashukie Bani Malik kwa Wakenya wenzake. Akakataa. Alisema hatafuti lifti.

"Nimeskia unarudi nyumbani," alimwambia Rehema. "Si unipelekee huu mzigo kwa mamangu. Ni vitu vyangu tu."

Sasa kama hujawahi kukaa Arabuni huenda usielewe. Kule mtu akienda nyumbani, mizigo ya wenzake haikataliwi. Huyu anampelekea mama dawa, yule blanketi, mwingine simu. Ukikataa utasemwa mpaka uzeeni, na siku yako ikifika hakuna atakayekubebea hata kitambaa. Rehema hakufikiria hata kidogo. Akaandika kwenye simu jina la kijiji, akanyoosha mikono akapokea.

Karavani nzima ikaguna kwenye springi zake. Kitone kikaruka hadi ukingoni mwa duara kikanata huko, na kabari moja ikapasuka chini ya gurudumu. Mama Kabir aliamka kwa mshtuko, akauliza kwa Kiarabu ni nani mwingine aliyepanda, maana kitanda chake kimeinama kama mtu amekaa miguuni.

Mwende akainuka. Chai hakuigusa. Alimshika Rehema bega, akashukuru, akafungua mlango akashuka, na kitone hakikujua kama kuna mtu ameshuka. Nilitoka mbio nyuma yake. Nilizunguka kituo kile chote mkono puani kwa ajili ya vumbi. Hapakuwa na mtu, na hapakuwa na mahali pa mtu kujificha.

Niliporudi, Rehema alikuwa amekaa na kifurushi mapajani. Nikakichukua mkononi. Kilikuwa chepesi kama mkate. Nikakipeleka mbele, gari likainamia mbele. Nikakirudisha nyuma, likainamia nyuma. Nilimwita aone kwa macho yake, akaja, akatazama kitone kikikimbia, akaanza kulia bila sauti.

"Kiache hapa," nikamwambia. "Rehema, nakuomba. Una mtoto anakungoja."

Alijifuta machozi kwa ushungi. "Kaka, hivi unavyoniambia ni kwamba huyu ni mtu. Basi ndiyo zaidi simwachi jangwani."

Ningemnyang'anya? Nilijaribu kumtumia Mama Kabir, lakini yule bibi alimtazama Rehema, akakitazama kile kifurushi, akageukia ukutani akaanza kusoma dua zake.

Vumbi lilipotulia nikaondoa gari. Injini ilivuta kama tumebeba ukoo mzima, na kwenye miteremko ya Taif breki zilinuka kuungua. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo ilinibidi nizunguke ile njia ndefu inayoikwepa Makka, na kila kona nilisikia kitu nyuma kikilalia upande mmoja. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Siku ya ndege, mizani ya uwanja wa Jeddah haikuona kitu. Uzito wa mkate, basi. Rehema akanipungia mkono akaingia.

Alinipigia simu akiwa kwao. Mtoto alimkimbia siku za mwanzo, akamzoea, na jozi moja ya viatu ikamtosha. Kisha akafunga safari ya Kitui. Dereva wa bodaboda alisimama njiani mara mbili kutazama gurudumu la nyuma, akamwuliza Rehema yule abiria wa pili amekaa wapi, mbona pikipiki ni nzito hivi.

Mama yake Mwende alimpokea vizuri, akamtekea maji. Aliposikia jina la bintiye, alikiweka kikombe chini kabla ya kumpa. Mtoto wake alikuwa amerudishwa zamani, ndani ya sanduku lililofungwa, wakaambiwa wasilifungue. Walizika bila kuona uso. Kaburi lilikuwa palepale nyuma ya nyumba, lina maua, na kila Jumapili yeye hukaa kando yake akaongea na mwanawe.

"Nikipokea huyu," alimwambia Rehema, "yule niliyemzika ni wa nani?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Rehema aligonga mpaka jioni.

Kifurushi kiko Msambweni hadi leo. Rehema hataki kukizika kwa siri bila mama mtu kukubali, wala hataki kukifungua, maana si chake. Sakafu ya chumba anachokiweka imebonyea upande mmoja, saruji imepasuka. Binti yake amekataa kulala nyumba ile, analala kwa shangazi yake. Mwanamke aliyevumilia yote kule ili arudi alale na mwanawe, amerudi na analala na mzigo wa mtu mwingine. Inaniuma sana, na sijui la kumsaidia.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayejiandaa kwenda na wewe unayejiandaa kurudi. Mizigo ya wenzako beba, sisemi usibebe. Lakini kabla hujanyoosha mikono, uliza kwanza kama kule unakopeleka mzigo kuna mtu aliye tayari kuupokea. Na mimi nimeshawaambia watu wangu Voi, mke wangu na ndugu zangu wote, nikawaapisha: likifika sanduku lenye jina langu, hata mkikatazwa na nani, lifungueni. Nitazameni uso kwanza, ndipo mnizike.