Dereva wa oksijeni na mgongo aliouficha miezi saba

Saa moja na nusu asubuhi, mitungi ya oksijeni imekwisha kupakiwa, turubai limefungwa, injini ya lori inanguruma, lakini dereva hajapanda. Amesimama kando ya mlango, mkono mmoja umeshika chuma cha kupandia, anajiinua kwa vidole vya mguu wa kulia peke yake. Juu, chini. Juu, chini. Midomo yake inahesabu bila sauti.

"Kumi," anasema hatimaye, na kushusha pumzi.

Wapakiaji wanamtazama na hakuna anayecheka. Miezi miwili iliyopita wangemtania kwamba anajifunza kucheza ngoma. Leo wanajua anapima nini. Mguu ule ukishindwa kumwinua, haendeshi.

Kila mtu katika yadi hii humwita Mama Mitungi. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipeleka oksijeni katika hospitali iliyo umbali wa kilomita mia nne na kumi. Huenda leo, hurudi kesho, mara tatu kwa wiki. Lori likijaa hubeba mitungi themanini na nne.

Leo ni safari yake ya kwanza baada ya wiki sita za kukaa nyumbani. Kwa amri ya ofisi, kabini lazima awe na dereva wa akiba, mwanamume wa miaka arobaini ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha barabara hii.

"Mimi leo ni tairi la spea," dereva huyo anamwambia mwandishi wa makala haya, akimsogezea nafasi. "Naomba Mungu nisitumike."

Mama Mitungi hacheki. Anapanda polepole, anaingiza makalio hadi mwisho wa kiti, kisha anapitisha vidole vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vinapita. Anakanyaga klachi hadi chini, akihakikisha nyonga haiinuki. Mwisho anarekebisha kioo cha ndani.

"Nimekiweka kwa namna ambayo nikianza kujikunja, nyuma sioni," anaeleza. "Kioo kinanigombeza kabla mgongo haujanigombeza."

Lori linatoka getini.

Maumivu yalianza kama mzaha, anasimulia. Mwaka jana alikuwa akishuka garini na kusimama dakika nzima akiwa amepinda kama ndoano, kisha ananyooka na kuendelea na shughuli zake. Alidhani ni umri. Baadaye maumivu yakateremka kutoka kiunoni hadi kwenye paja, kisha kwenye shavu la mguu, "kama mtu anayevuta uzi ndani ya mguu."

Kiti chake kilikuwa kimekufa springi siku nyingi. Sponji ilikuwa imebonyea upande wa kulia, kiasi kwamba alikuwa akiendesha ameinama kama anayemsikiliza mtu mlangoni. Alikunja blanketi akakalia. Alipoona haisaidii, akaongeza mto laini wa kitandani.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Kumbe nilikuwa najizamisha. Mto ukididimia na mimi nadidimia, na mgongo unakuwa kama upinde."

Alianza kumeza vidonge vya maumivu, viwili kila asubuhi, baadaye vinne. Tumbo likaanza kumwaka. Kwa miezi saba nyumbani hakusema neno, kwa sababu karibu nusu ya mapato yake hutokana na posho za safari, na dereva asiyesafiri hana posho. Kulikuwa na hofu nyingine pia, ambayo anaitaja huku macho yake hayabanduki barabarani.

"Mwanamke akisema mgongo unauma, watu wanasema si tulijua? Hii kazi si yake. Sikutaka kuwapa hilo neno."

Mume wake ni fundi wa makochi. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akivisha viti vya watu vitambaa na sponji katika kibanda kilicho ubavuni mwa nyumba yao. Usiku alikuwa akimkuta mkewe amelala sakafuni.

"Nikamuuliza, mke wangu, nimeoa dereva au nimeoa mkeka?" anakumbuka fundi huyo, tulipomtembelea siku moja kabla ya safari. "Akaniambia ni joto. Nikaamini. Nilitaka kuamini."

Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuamini. Mama mkwe wa Mama Mitungi, mwenye umri wa miaka sabini na nane, alikuwa akimtazama kila alfajiri akivaa viatu kwa kuegemea ukuta.

"Mtu haegemei ukuta kuvaa kiatu ila ana jambo," anasema bibi huyo. "Nikamwambia, mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Akanijibu, mama, ni uchovu. Sikumuuliza tena. Lakini nilikuwa nikisikia lori likipita, roho inanidunda."

Kilio kilikaribia kwenye mteremko ambao madereva wanauita Kona Saba.

Ilikuwa mchana, jua kali, lori limejaa. Kwenye kona ya tatu Mama Mitungi akagundua kwamba hausikii mguu wake wa kulia. Haukuwa ukiuma. Haukuwepo.

"Nilikuwa nimekanyaga breki, lakini sijui nimekanyaga kiasi gani. Ikabidi nitoe macho barabarani nitazame mguu wangu chini, kama natazama mguu wa mtu mwingine. Umekunjika pembeni ya pedali. Mbele yangu kuna baba anaendesha baiskeli, amefunga mbao nyuma, upana wake nusu ya barabara."

Akawasha breki ya injini, akapangua gia, akahamisha mguu wa kushoto kwenye breki. Lori likatikisika, mitungi ikagongana nyuma "kama kengele za shule zote duniani." Mwenye baiskeli akageuka, akatupa baiskeli mtaroni na mwenyewe akaruka. Lori lilisimama hatua chache kutoka pale alipokuwa.

Mwanamume yule hakumtukana. Alimjia dirishani akiwa amejaa vumbi, akamuuliza, "Mama, uko salama?"

Anaposimulia hapo, anapunguza mwendo. Dereva wa akiba anatazama nje ya dirisha.

Alikaa kando ya barabara dakika kumi na moja, akiukanda mguu mpaka ukarudi. Halafu akafanya jambo ambalo, anasema, hajaweza kujisamehe. Aliwasha gari akaendelea na safari. Kesho yake akarudi. Akapumzika siku moja, akaenda tena.

"Si ule mteremko unaoninyima usingizi," anasema. "Ni zile siku nne baada yake. Nilijua, na nikapanda tena."

Siku ya tano alikaa na kikombe cha chai mkononi mpaka kikapoa bila kukinywa. Mama mkwe akakichukua kile kikombe, akakiweka chini, akamwambia: "Sasa sema." Akasema yote, mume akiwa amesimama mlangoni na mkasi wake wa vitambaa mkononi.

Asubuhi ile ile alikwenda kwa mkuu wa magari. Alitarajia kelele. Mkuu wa magari alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Nikampa ufunguo," anasema Mama Mitungi. "Miaka kumi na tisa sijawahi kuona ufunguo mzito vile. Akaniambia, umechelewa kuniambia, lakini umeniambia. Nenda hospitali kwanza, mengine baadaye."

Vipimo vilionyesha kwamba moja ya zile pedi laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo ilikuwa imevimba na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Daktari alisema hakuhitaji upasuaji kwa wakati huo, lakini mguu ukizidi kulegea hali itabadilika. Akampumzisha wiki sita na kumkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mtaalamu huyo hakuanza na mgongo. Alianza na swali: "Unakaa juu ya nini saa nane kwa siku?" Alipoonyeshwa picha ya kiti kile, akatikisa kichwa.

"Mazoezi ya nusu saa hayawezi kushindana na kiti kibovu cha saa nane," anasema mtaalamu. "Lakini watu wasidhani kiti kizuri ni dawa. Kiti kinapunguza mzigo tu. Mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu, hiyo si habari ya mto tena. Ni kuacha kuendesha na kwenda hospitali."

Habari ya kiti ilimfikia mume kama kofi. Alikwenda yadi, akapanda kwenye lori kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akakaa mahali pa mkewe.

"Nilikaa dakika tano tu, kiuno kikaanza kulalamika," anasema. "Na mimi ndiye fundi! Sebule za watu nimezijaza makochi ya kulalia, mke wangu anakalia chuma. Wanasema mganga hajigangi. Mimi hata mke wangu sikumganga."

Aliomba akitengeneze kiti kile upya. Ofisi ilimruhusu, kwa sharti kwamba makanika wa yadi akague kila kitu na mkanda wa usalama usiguswe. Makanika akabadilisha springi na kile kifaa cha kunyonya mtikisiko chini ya kiti. Fundi akatoa sponji iliyooza, akaweka ubao mwembamba, juu yake sponji ngumu, na juu ya hiyo sponji ya wastani. Mkewe alikaa, akainuka, akakaa tena, siku tatu mfululizo.

Tatizo lilikuwa egemeo la kiuno. Mara ya kwanza alilifanya nene mno, likamsukuma mkewe mbele kama mtu anayefukuzwa. Mara ya pili likakaa juu sana. Mara ya tatu mtaalamu akawashauri wakunje taulo kwanza na kuisogeza juu na chini mpaka wapate mahali penyewe. Palikuwa usawa wa mkanda wa suruali, unene wa kiganja.

"Aliegemea taratibu," mume anasimulia. "Nikauliza, vipi? Akasema, subiri. Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kumbe analia."

Barabarani, saa ndogo kwenye dashibodi inalia. Dakika tisini zimepita. Mama Mitungi anaegesha pembeni hata kabla haijanyamaza. Wote tunashuka. Anatembea, anaegemeza viganja kiunoni na kujipinda nyuma taratibu, anatembea tena. Dakika kumi, si tisa. Malori yanapita yakipiga honi za kejeli.

"Wacha wapige," anasema. "Zamani nilikuwa napiga na mimi."

Saa saba na robo mchana tunafika Kona Saba. Mama Mitungi anashusha gia mapema, anawasha breki ya injini, na vidole vinakaza usukani hadi ngozi inapauka. Dereva wa akiba ameweka mkono karibu na breki ya mkono, akijifanya anapumzisha kiwiko.

Kona ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu, Mama Mitungi anaanza kutaja kwa sauti: "Kisigino kipo. Kidole gumba kipo. Kisigino kipo." Anarudia hivyo mpaka kona ya saba, mpaka barabara inapolala tambarare. Hapo anafuta jasho kwa mkono wa shati na kuomba maji.

"Spea haijatumika," anasema dereva wa akiba, na wote watatu tunacheka kwa kelele kuliko mzaha wenyewe.

Tunaingia hospitali saa kumi na moja kasorobo. Mitungi inateremshwa na wengine, kwani yeye haruhusiwi kuinua kitu akitoka tu kwenye usukani. Anapewa karatasi aliyoiandaa mkuu wa magari, ya kujaza kila mwisho wa safari. Maswali ni manne. Matatu anayajibu haraka. Kwenye la nne kalamu inasimama: je, ulihisi ganzi au udhaifu wowote mguuni?

Anainua uso. "Tulipovuka daraja la mwisho kabla ya kufika hapa," anasema polepole, "kidole kidogo kilianza kuwasha. Dakika kama tano. Kikaacha."

Dereva wa akiba anakuna kichwa. "Dada, kuwasha tu? Hata mimi mguu huwasha nikikaa sana. Ukiandika hivyo, unajua watakavyofanya."

"Najua."

Anaiweka karatasi juu ya goti. Kisha anaandika: Ndiyo. Kidole kidogo, dakika tano, ndani ya kilomita ishirini za mwisho. Anaisoma tena, anasaini, na kupiga simu ofisini kabla hajabadili mawazo.

Jibu linakuja bila ukali. Kesho atarudi akiwa abiria, na keshokutwa aende kwa mtaalamu. Lori litaendeshwa na mwenzake mpaka itakapojulikana kama ni mshipa au ni uchovu wa siku ya kwanza. Anasema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa, anakata simu, na macho yanamlowa.

Hajui kama ataruhusiwa kurudi kwenye usukani. Akiruhusiwa, anataka miaka miwili zaidi, mpaka binti yake wa mwisho amalize chuo. Asiporuhusiwa, ana ombi moja ambalo ameshalipeleka kwa mkuu wa magari: apewe kazi ya kukagua viti vya malori yote sita ya yadi, kama zinavyokaguliwa breki na tairi, na kila dereva mpya apite kwake kabla ya kushika barabara.

"Na nitawauliza inapowauma," anasema. "Nitawaambia, nami niliulizwa nikasema uongo. Sema leo, mwanangu, wakati bado ni mgongo wako peke yako."