Udongo Niliouanika Uani

Nichekeni tu, maana Bagamoyo nzima inanicheka tangu Jumatatu.

Nafanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo. Tunataka kujua kama homoni ya kiume, ile inayotuotesha ndevu, ikitoka na samadi ya mafahali hung'ang'ania udongo wa shamba, au mvua ikinyesha hubanduka ikaingia visimani. Basi nikalowesha mabonge ya udongo wa mfinyanzi kwa homoni hiyo, nikayaanika kwenye ungo uani kwangu. Niliporudi jioni, nusu hayapo.

Mke wangu ni mjamzito, na wajawazito wetu hupenda kutafuna udongo. Akaapa hajagusa. Nikamwamini. Basi ni jirani, nikasema, na leo nitamkamata!

Nikaenda bombani, kina mama wamejaa na ndoo zao. Nikapaza sauti: "Aliyekula udongo wangu ajitokeze! Una dawa ya kiume. Ukifika tumboni unaiachia, na mwizi ataota ndevu. Napita nyumba kwa nyumba kukagua videvu!"

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Sikujali. Nikaanza na nyumba yangu, nisije nikaambiwa napendelea.

Mlangoni alisimama mama mkwe, aliyekuja kutoka Pangani kumngojea binti yake ajifungue. Tangu nioe sijathubutu kumtazama usoni. Alikuwa amejitanda kanga mpaka puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu taratibu, na wale wa bombani wote wako nyuma yangu. "Hizo ndevu, huanza kuota baada ya siku ngapi?"