Kitabu Nilichomnyima Zuhura

Nikifungua boksi la vitabu vya msaada pale shuleni ninapofundisha, harufu yake hunirudisha Mtaa wa Narung'ombe kabla sijasoma hata jalada moja. Ni ileile harufu ya mtumba: vumbi, dawa ya wadudu, na karatasi iliyofungiwa melini miezi na miezi. Wanafunzi wangu hunishangaa nikiinamisha pua mle ndani. "Madamu ananusa vitabu tena," wanasema, nami nawaambia waniache na mambo yangu.

Mama yangu aliuza mabegi ya shule ya mtumba Kariakoo, na sisi tulikaa ghorofa ya pili, juu ya duka. Siku ya kufungua belo la mabegi sikuwa nachezea mbali. Kazi yangu ilikuwa kukagua mifuko ya kila begi, maana watoto wa huko yalikotoka walikuwa wasahaulifu, jamani! Nilikuta vifutio, soksi za mguu mmoja, funguo za nyumba za watu, na vitabu. Mama, aliyeshuka kutoka Kilimanjaro kuja kufanya biashara na si mchezo, hakuwa na muda na kitu kisichouzika, kwa hiyo vitabu vyote akanipa mimi. Nilipofika miaka kumi na tatu nilikuwa navyo ishirini na kitu kwenye ndoo ya plastiki: riwaya za vijana za Kiingereza, hadithi za picha za kila aina, na kimoja ambacho leo najua kinaitwa manga. Wakati ule tulikiita katuni ya Kijapani. Mtaa mzima hakuna aliyeweza kusoma hata herufi yake moja.

Jumamosi jioni nilikaa ngazini na ndoo yangu, na watoto wa jengo zima wakaja. Sikuwa naazimisha hivihivi tu. Nilikuwa nachagulia watu. Wewe unayependa mpira, chukua hiki. Wewe unayeogopa giza, hiki acha kwanza, utakuja kunilaumu. Nilijiona daktari kabisa! Nikikumbuka naona aibu, ila nasema kweli, ilikuwa raha ya ajabu kumtazama mtu usoni na kukisia kitabu chake.

Ile katuni ya Kijapani niliisoma kwa picha, na ilinitatiza. Mtu alianguka kwanza, ngumi ikaja baadaye. Chai ilinywewa, kisha ikamiminwa. Walioniuliza niliwajibu bila kupepesa macho kwamba Wajapani ndivyo wanavyochora, na kwa kuwa mwenye ndoo ni mimi, wakanyamaza. Hadithi yenyewe niliielewa hivi: msichana wa rika letu anakula na mama yake, wanacheka, halafu anaishi na babu yake tu, halafu, mwisho kabisa, mama anapanda treni na sanduku, msichana anabaki amesimama stesheni. Basi, imekwisha.

Na hicho ndicho kitabu alichokitaka Zuhura.

Zuhura alikaa mlango wa mbele yetu. Kwao ni Waarabu, wana duka la viungo pale chini, na alikuwa analelewa na bibi yake kwa sababu mama yake alikuwa Maskati kikazi, huu mwaka wa pili. Sasa niambieni, ningempaje mtoto kama yule kitabu kinachoishia mama anaondoka? Wiki ya kwanza nikamwambia kimeazimwa. Ya pili nikamwambia kimechanika. Ya tatu akakiona ndani ya ndoo kwa macho yake, nami nikaropoka, "Hiki hakikufai wewe."

Akageuka, akapanda zake ngazi. Tangu siku hiyo salamu ikakatika. Nilisikia kwa wenzetu kwamba anadhani namwona mjinga, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga darasani. Roho iliniuma sana. Zuhura alikuwa rafiki yangu wa kweli, na kila tulipopishana aligeuzia uso ukutani.

Siku ya nane Mama akanituma kurudisha sufuria kwa bibi yake. Nikakitia kitabu ndani ya sufuria, nikafunika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, mmegombania nini na mwenzio? Nyumba imekuwa kama ya msiba."

Zuhura alikuwa mkekani, ndiyo kwanza ametoka chuoni kusoma Kurani, ushungi bado kichwani. Nikaweka kitabu mbele yake. "Kinasikitisha," nikasema. "Ndiyo maana nilikuwa sikupi."

Akakichukua, akakigeuza, akakifungua upande wa pili, upande uleule anaofungulia msahafu kila siku. Nikacheka. "We, umekishika kinyume."

Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto bila haraka. Kwenye wa nne akaanza kutabasamu. Akanionyesha: ngumi, kisha mtu anaanguka.

"Neema," akasema, "wewe ulianzia mwisho."

Wee! Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi mitatu nilikuwa nawahadithia watoto wa jengo zima kinyumenyume, tena kwa kujiamini.

Tukakisoma upya, mabega yamegusana. Treni iliondoka mwanzoni. Mwishoni mlango ulifunguka, mama akaingia na sanduku lake, wakala, wakacheka. Nikaruka. "Unaona? Anarudi! Zuhura, anarudi!" Nilipiga kelele kana kwamba mimi ndiye niliyemleta.

Zuhura alikuwa ameshaanza kurudisha kurasa nyuma. Alisimama katikati, pale msichana anapounguza mayai, anajisuka mwenyewe mbele ya dirisha, mistari ya kichwani imepinda vibaya, na shule anakwenda hivyohivyo. Nilipotaka kufunua akanishika mkono. "Subiri kwanza. Nataka kuona hapa."

Nilimwona ana mambo. Hadithi imeisha vizuri, anatafuta nini tena huko? Lakini tulikuwa tumepatana, na mimi sikuwa na shida zaidi ya hiyo. Nikamwachia kitabu.

Mama yake alirudi tukiwa kidato cha tatu. Tulishuka wote kumpokea, masanduku na vigelegele, bibi analia hadharani. Nilisimama mlangoni kwao nikingoja waketi wale, wacheke. Zuhura alimkumbatia mama yake muda mrefu, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Kisha mama akaingia jikoni kuchemsha chai. Akafungua kabati moja, akafungua la pili, akabaki amesimama katikati ya jiko lake mwenyewe, hajui pa kushika. Zuhura akaenda taratibu, akamwonyesha kiberiti kinapokaa siku hizi.

Nilirudi kwetu nikakaa kitandani, nikaona haya peke yangu. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba nilimkinga na huzuni, kumbe niliogopa tu asije akalia mbele yangu nikakosa la kufanya. Mimi nilihangaika na mwisho wa kile kitabu. Mwenzangu alikuwa anaishi katikati yake, siku baada ya siku, na kwa huruma zangu nilikuwa nimemnyima yule msichana wa kitabuni, mtu wa kukaa naye huko.